Ukuta Niliojenga Sebuleni mwa Elisha

Vijana, nyinyi mnaoanza kushika mwiko sasa, nina ombi moja. Mtu na mkewe wakiwaita muwajengee ukuta wakati wamenuniana, semeni mnaumwa. Semeni kamba imekatika, semeni mmefiwa na shangazi. Mungu atawasamehe huo uongo mdogo. Mimi sikusema uongo, nikajenga, na hadi leo nikikutana na mtu wa Ndhiwa sokoni lazima aniulize, "Fundi, ile ukuta yako iko wapi?"

Naitwa Mwita. Ni Mkuria wa karibu na Kehancha, lakini karibu miaka yangu yote ya kazi niliwajengea Waluo, kuanzia Migori mjini hadi Rongo, Oyugis na Homa Bay. Kijaluo changu kinatosha kuomba maji na kukataa pombe. Mambo mengine yote tulielewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake, na nyumba zikasimama. Nyingi zilisimama.

Siku hizi, kwa kuwa nimestaafu na nina mvi za kuheshimika, wachungaji hunialika kwenye semina za ndoa. Wanataka fundi asimame aseme kwamba upendo wa Kikristo ndio msingi wa familia yenye furaha. Nasema, kwa sababu ni kweli. Lakini naona wao wakitamka msingi wanafikiria kitu kisafi. Mimi nikisikia msingi nafikiria shimo. Msingi ni tope hadi magotini na mgongo unaouma siku nne, mahali ambapo hakuna mgeni atakayewahi kupasifia. Sijawahi kusikia mtu akiingia kwa jirani na kusema, "Mama, una msingi maridadi." Watu husifu mapazia.

Kazi nilifundishwa na mzee wa Rongo, Fundi Okumu, aliyekuwa na jicho moja la kuona na jingine la kupumzika. Alinifundisha kuloweka matofali kabla ya kuyajenga. "Tofali kavu ni mlevi," alikuwa akisema, "itakunywa maji yote ya simiti, kesho ukuta ikuangukie." Alinifundisha pia kwamba fundi akimaliza kazi ashuke jukwaani, arudi nyuma hatua kumi na kuitazama kama mtu asiyeijua. Somo hilo nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza aliniacha nimjengee mama mmoja stoo ya mahindi. Nilishika kamba, nikashika pimamaji, nikashika timazi, kuta nne zikapanda nyoofu kabisa. Jioni Okumu akaja. Nilimsikia akilizunguka jengo mara moja, kisha mara ya pili, halafu akasimama na kugonga ukutani kwa kidole.

"Hodi," akasema. Akangoja. "Hodi wenyewe!"

"Karibu," nikamjibu kutoka ndani, ndipo nikaanza kumtafutia pa kupitia. Nilikuwa nimesahau mlango.

Basi huyo aliyesahau mlango ndiye fundi ambaye Elisha wa Ndhiwa alimfuata Migori miaka ya tisini.

Elisha alikuwa na mashine ya kusaga unga njia panda, na kanisani alikuwa shemasi. Mkewe, Wilkista, alikuwa mshonaji na kiongozi wa kwaya ya akina mama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na saba, watoto wao wote, kuanzia Akinyi wa kwanza, wameshajitegemea, na ndoa yao ndiyo iliyokuwa ikitolewa mfano kila mara vijana walipotaka kufunga pingu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewajengea nyumba hiyohiyo waliyoishi, na kila siku ya kazi Wilkista alinipa chai kabla sijaomba. Niliwapenda sana wale watu. Mjue hivyo mnapoendelea kusoma.

Kisa kilikuwa kiti. Elisha alikuwa na kiti chake cha mbao chenye mikono, kiti cha mwenye boma, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi, viti vikapungua, Wilkista akamkaribisha mgeni mmoja mnene kwenye kiti hicho. Katikati ya sala mguu ukakatika. Mgeni akaenda chini na sala ikaenda naye.

Elisha hakugomba. Laiti angegomba! Alingoja Jumapili, wakati wa ushuhuda, akasimama mbele ya kanisa zima.

"Bwana asifiwe. Mama Akinyi alivunja kiti yangu. Lakini kwa upendo ya Kristo, mimi nimemsamehe."

Kanisa likapiga makofi. Wilkista akasimama upande wa kwaya.

"Bwana asifiwe tena. Na mimi nimesamehe Baba Akinyi, kwa sababu amenisamehe mbele ya watu na hata hajaniuliza."

Makofi yakawa machache. Elisha akainuka mara ya pili kusema kwamba hata hilo amelisamehe. Wilkista akainuka kusema kwamba yeye alishasamehe kabla hajasamehewa. Wakaenda hivyo mpaka mchungaji akaanzisha wimbo ili kuwazima, na kwaya ikaimba bila kiongozi wake, maana kiongozi alikuwa bado anasamehe.

Wiki hiyo mchungaji akawatembelea nyumbani. Akawaambia wasameheane. Wakamjibu kwa pamoja kwamba wameshasameheana, tena sana. Mchungaji akanywa chai, akaenda zake. Ndipo Elisha akapanda baiskeli kuja kwangu Migori kuomba ukuta wa kugawa sebule, kuanzia mbele hadi nyuma.

Nilijiambia hasira hiyo itaisha kabla sijachanganya mchanga. Nilipofika nikawakuta kila mmoja kwenye pembe yake, na mimi katikati na futi.

"Fundi, ambia huyo mtu dirisha ya upande ya barabara ni yangu," akasema Elisha.

"Fundi, ambia yeye nimesikia. Lakini sofa ndefu inabaki huku kwangu."

"Fundi, ambia yeye achukue."

Walikuwa umbali wa hatua mbili. Niliwapelekea maneno hayo kwa bidii ya mjinga, nikigeuza kichwa huku na huku hadi shingo ikakakamaa. Kumbe ukuta ungepita katikati ya mlango wa mbele. Kila mmoja angepata nusu ya mlango, na hakuna aliyekuwa mwembamba kiasi hicho. Nikaziba ule wa zamani, nikatoboa milango miwili mipya, mmoja wa bwana na mwingine wa bibi. Kisha nikafanya kosa la pili la ufundi maishani mwangu, kubwa kuliko stoo isiyo na mlango. Nikausimamisha ukuta juu ya sakafu, bila msingi. Nilidhani hautadumu. Nani achimbe shimo kwa ajili ya hasira ya wiki mbili?

Niliporudi nyumbani, mke wangu Boke akaniuliza nilikuwa nikijenga nini Ndhiwa. Nikamwambia. Akaacha kusonga ugali.

"Yaani wewe Mwita umeingia katika ndoa ya watu, ukaweka ukuta, halafu umerudi kwangu kuomba chakula?"

Chakula nilipewa, lakini kilikuwa kimepoa, na kwetu mwanamke akikupa ugali uliopoa ameshahubiri.

Baada ya siku tano nikaitwa tena. Karabai ilikuwa moja tu, upande mmoja ukikaa gizani. Nikatoboa tundu juu ili taa ikae hapo na kuangaza kote kuwili. Wiki iliyofuata nikaitwa kwa sababu ya redio, kwa kuwa redio ilikuwa ya Elisha na betri alinunua Wilkista. Nikatoboa tundu la redio. Halafu Wilkista akasema ameamriwa amlishe hata adui, na hawezi kuzunguka nje na sufuria kila siku majirani wakitazama. Nikatoboa dirisha la chakula, nikaliwekea linta fupi juu, ule mhimili wa kubeba matofali, na kirafu chini, nikakipiga plasta hadi kikang'aa. Vijana, mkitoboa ukuta uliokwisha kukauka, anzeni juu mkishuka na wekeni linta kabla ya kutoa tofali la mwisho. Mimi nilipata mazoezi ya kutosha katika ukuta ule kufunza chuo kizima.

Elisha alikuwa na presha, na dawa alikuwa akizitunza mkewe tangu zamani. Nikiwa pale nikilainisha kirafu, saa ya dawa ikafika. Mkono wa Wilkista ukapita dirishani na kidonge na kikombe cha maji. Elisha akachukua, akameza, akarudisha kikombe. Mkono haukuondoka.

"Fundi," sauti ikauliza kutoka upande wa pili, "amemeza kweli?"

"Amemeza, mama."

"Muangalie chini ya ulimi."

Nikamwangalia shemasi chini ya ulimi. Ndipo mkono ukaondoka. Nilirudi Migori siku hiyo nikiwa na tumaini, nikamwambia Boke mambo yanaelekea kuwa mazuri. Sikujua kwamba wazee walikuwa wameshahesabu milango.

Jaduong' Ogada, yaani Mzee Ogada, alikuwa baba mdogo wa Elisha na mwamuzi wa ukoo katika mambo ya mila. Alikuja akasimama uani akitazama mlango mmoja, kisha wa pili, kisha mimi niliyekuwa nimerudi kupaka milango rangi.

"Wewe fundi. Hii boma ina nyumba ngapi?"

"Moja, Jaduong'."

"Milango mbili, ukuta katikati, kila upande mtu wake. Hiyo ni nyumba mbili." Akamgeukia Elisha. "Hii ya kwanza ni ya Nyar Karachuonyo, binti ya Karachuonyo, huyo bibi yako. Hii ya pili mama yake ni nani?"

Elisha akasema haina mama, analala yeye.

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. Nyumba katika boma ni ya mama, akaeleza, na mwanamume anayelala katika nyumba isiyo na mama ni kijana aliye kwenye simba, kile kibanda cha mvulana ambaye hajaoa. "Sasa wewe Elisha umekuwa mtoto yako mwenyewe? Haiwezekani. Imebaki njia moja. Nyumba ipate mama." Alikuwa hata ameshamfikiria, mjane mmoja wa kisiwa cha Mfangano, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa nguvu na asiye na maneno mengi. Angemleta baada ya wiki tatu, mvua zikishaanza.

Kama ndiyo mila au mzee aliitunga asubuhi hiyo, mimi Mkuria siwezi kusema. Nilijua tu kwamba shemasi akioa mke wa pili, ushemasi umekwisha, na Wilkista amekwisha, na ndoa ya miaka ishirini na saba imekwisha kwa sababu ya milango niliyotoboa mimi. Elisha alikuwa na uso wa majivu. Ili kumkataa mjane ilimpasa aubomoe ukuta, na ili aubomoe ilimpasa kuanza yeye kusema. Upande wa pili, kwenye dirisha la chakula, nikaona kitambaa cha kichwa cha Wilkista kimetulia tuli. Alikuwa amesikia yote. Na yeye hakusema.

Nikamuuliza Elisha kando, "Mzee, si uongee na mama tu?"

"Nimemsamehe," akasema. "Sasa nifanye nini ingine?"

Mvua zikaja. Ndhiwa ina ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika huvimba, ukiinua sakafu na chochote kilichokaa juu yake. Asubuhi moja mtu wa baiskeli akaniletea ujumbe Migori kwamba ukuta wangu unaanguka, nije upesi. Nilipanda baiskeli yangu nikisali njia nzima, na zaidi ya kusali nililia, maana niliona wazi katika akili yangu ni nani aliye chini ya matofali.

Nilipofika, mashine ya unga ilikuwa kimya. Wateja wamejipanga nje na gorogoro zao za mahindi, wanachungulia. Nikafungua mlango wa Elisha.

Ukuta ulikuwa umelalia upande wa Wilkista. Elisha alikuwa amepitisha mikono yote miwili kwenye dirisha la chakula, ameukumbatia na anauvuta kwake kwa nguvu zake zote, goti limeegemea kwenye matofali. Upande wa pili Wilkista alikuwa ameuwekea bega na anausukuma kuurudisha. Walikuwa hivyo tangu saa mbili. Sasa ilikuwa inaelekea saa sita. Jirani mmoja alikuwa amewanywesha uji kwa zamu.

"Mama, toka huko," nikasema.

"Nikitoka, vile anavuta, itamlalia huyo mtu."

"Basi mzee, achia."

"Niachie imuangukie? Fundi, una akili?"

"Achieni pamoja. Nitahesabu."

Wakakubali. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Hakuna aliyeachia. Elisha alisema aliogopa mwenzake hajasikia tatu. Nikahesabu tena, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hakuna aliyeachia. Wilkista alisema ile tatu haikuwa na uhakika. Mara ya tatu wateja wa nje walihesabu pamoja nami, na bado wale wawili wakashikilia, jasho likiwatiririka, kila mmoja akimlinda mtu ambaye hakuwa akimsemesha.

"Ngojeni," nikasema. "Naenda kutafuta miti ya kuegemeza."

Nikatoka, nikawanyamazisha wateja kwa kidole, nikakaa chini ya dirisha la barabarani.

"Nyar Karachuonyo," akasema Elisha. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake bila kupitia kwangu.

Tukasikia Wilkista akibadilisha bega.

"Mikono imechoka?" Elisha akaendelea.

"Imechoka. Yako?"

"Yangu ilikufa saa nne." Akahema. "Ile kiti..."

"Wachana na kiti."

"Hapana. Ile kiti ni mimi nilivunja mguu yake. Nilipanda juu nikifunga kalenda. Nikaweka gundi, nikanyamaza. Halafu nikasimama kanisani nikakusamehe. Mimi ndiye nilikosa, mama. Nisamehe. Sasa ni mimi naomba."

Mteja mmoja karibu yangu akajiziba mdomo kwa gorogoro. Nilifumba macho nikingoja Wilkista alipuke.

"Nilijua," akasema Wilkista.

"Ulijua nini?"

"Niliona gundi. Ndiyo maana mimi mwenyewe sikukalia."

"Sasa ukakalisha mama ya watu?"

"Nilidhani itashika! Si wewe hujisifu ati gundi yako inashika hata jiwe?" Akapunguza sauti. "Na wakati alianguka, nilicheka ndani ya sala. Nilisema amina nikicheka. Hiyo sijatubu mpaka leo."

Elisha akatoa mlio kama mashine inayokataa kuwaka. Kisha akacheka. Wilkista akacheka. Wakacheka hadi wakalia, na wateja nje wakacheka bila kujificha, na nilipoingia tena niliwakuta wote wawili wamekaa sakafuni, kila mmoja upande wake, mikono mapajani, wakifuta machozi. Ukuta ulikuwa bado umesimama, umeinama vilevile. Hakuna aliyekuwa ameushika.

Elisha akautazama kwa hofu. "Fundi. Mbona haianguki?"

"Ni Mungu," nikasema.

Wilkista akatoka kwa mlango wake, akazunguka nje kwenye matope, akaingia kwa mlango wa mumewe bila hodi. Alikuwa amebeba makaa ya moto kwenye kibati. Akawasha jiko upande ule, akateleka maji ya ugali, kisha akaniambia, "Bomoa hiyo kitu," na nikabomoa hadi giza lilipokaribia, wao wenyewe wakipokezana kubeba matofali.

Jaduong' Ogada alipokuja siku aliyoahidi, milango miwili ilikuwa bado ipo, kwa sababu nilikuwa sijapata nafasi ya kuuziba mmoja. Alikuja na yule mjane wa Mfangano, mwanamke mpole aliyebeba omena kwenye kikapu kama zawadi. Mzee akamkuta Wilkista anapika.

"Hii nyumba ni ya nani?" akauliza.

"Zote mbili ni zangu, Jaduong'. Moto ya hii pia ni mimi niliwasha. Keti ule. Na wewe dada, karibu, hiyo omena tutakupikia wewe mwenyewe."

Wakala, mjane akala vizuri kuliko wote, na mambo ya nyumba ya pili hayakutajwa tena.

Elisha alisimulia muujiza wa ukuta kanisani, safari hii mkewe akiwa amesimama kando yake. Tangu hapo wachungaji wameuhubiri kila semina, jinsi Bwana alivyouzuia ukuta kwa mkono wake hadi wale wawili wakapatana. Mimi nimekuwa nikikaa kiti cha mbele, nikiitikia amina. Sasa Elisha na Wilkista wametangulia wote wawili, wamezikwa boma moja, nami nimezeeka, kwa hiyo nitawaambia nyinyi.

Ukuta ule usingeanguka. Udongo ulipovimba uliisukuma sakafu juu, na kichwa cha ukuta kikakwama chini ya boriti ya paa. Ulikuwa umebanwa juu na chini. Fundi yeyote angeliona hilo kabla hajavuka kizingiti, nami niliona nikiwa bado nimeshika kitasa. Wangeweza kuachia saa mbili asubuhi wakaenda kunywa chai, kila mmoja kivyake. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni mwangu. Kisha nikaiona mikono ya Elisha imeng'ang'ania kwenye dirisha la chakula, nikaliona bega la Wilkista, nikayameza yale maneno, nikaanza kuhesabu moja, mbili, tatu.